Dawa alikuwa anameza. Mbona jino likampeleka ICU?

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa nje kidogo ya Ahero. Mume wangu ni wa boda boda. Mwezi wa pili gego lake la chini, upande wa kulia, lilianza kumuuma. Kliniki moja ya mjini ilitaka 1,500 kuling'oa, hatukuwa nazo, basi akawa ananunua dawa kemisti. Maumivu yakipoa anarudi kazini. Ilirudi mara nne hivyo. Mara ya mwisho alivimba mpaka chini ya kidevu, jirani akasema ni matumbwitumbwi, tukamkanda kwa maji moto. Zahanati walituambia twende hospitali kubwa, lakini tulikaa siku tatu tukitafuta pesa. Tulipofika Kisumu hakuweza kulala chali wala kumeza mate yake. Walimtoboa koo apate kupumua, wakampasua shingoni, akakaa ICU siku sita. Mungu ashukuriwe yuko nyumbani. Swali langu, kweli jino linaweza kuua mtu ama kuna kitu kingine? Na mbona dawa alikuwa anameza na bado ikafika huko? Ana gego lingine upande wa kushoto lenye shimo, liliuma mwaka jana likaacha. Yeye anasema kwa vile haliumi tungoje mavuno ya mpunga. Tungoje? Pia mtoto wetu wa miaka minne meno ya mbele yamekuwa meusi, nyanya yake anasema ni ya utoto yataanguka tu. Mwisho, anaweza kurudi kuendesha pikipiki na kidonda cha kooni?

Jibu: Dada yangu, poleni sana. Nitaanza na gego la kushoto kwa kuwa ndilo lisiloweza kungoja. Msingoje mavuno.

Jino lililouma likaacha lenyewe, na shimo bado lipo, halijapona. Mara nyingi huwa limekufa. Ndani ya kila jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Shimo likichimba hadi pale, neva hupiga kelele, na hizo ndizo siku mtu analala ameshika shavu. Kisha kiini kinaoza, neva inakufa, na kelele inakoma. Watu wengi husherehekea kimya hicho. Lakini vijidudu havijaondoka. Vimepata nyumba isiyo na askari, kwa sababu damu haifiki tena mle ndani, na vinashuka taratibu hadi kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa wa taya. Huko vinaweza kukaa miezi mingi bila kumsumbua mtu. Siku mwili ukidhoofika kidogo, usaha unaanza kutafuta njia ya kutoka. Ninavyolisikia gego la kushoto la mzee wako kutoka kwa barua yako, liko kwenye kipindi hicho cha kimya. Sijaliona, kwa hiyo eksrei ndiyo itakayosema, lakini nisingeweka dau upande wa mavuno.

Sasa, jino linaweza kuua? Ndiyo, na si lazima kuwe na kitu kingine. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu najua familia nyingi huku kwetu, mtu akivimba shingo ghafla namna hiyo, huanza kutazamana. Hakuna mtu aliyemfanyia lolote.

Wewe unakaa uwanda wa Kano, kwa hiyo nikueleze kwa mto Nyando. Ukifurika, maji hayachagui nyumba ya nani; yanafuata mahali palipo chini. Usaha nao hufuata penye wepesi. Jino la mbele likiwa na jipu, mara nyingi usaha hutoboa mfupa na kutokea kwenye ufizi kama kijipu. Mtu anaonja chumvi na uchafu mdomoni, uvimbe unashuka. Huyo ana bahati. Lakini magego mawili ya nyuma ya taya la chini yana balaa lake. Chini ya ulimi kuna msuli mwembamba uliotandazwa kama mkeka, ndio sakafu ya kinywa. Mizizi ya magego yale hushuka hadi chini ya mkeka huo. Usaha wake ukitoboa mfupa kwa ndani, hautokei mdomoni. Unaingia shingoni, kwenye nafasi laini zilizo chini ya taya, na nafasi hizo zinapakana kulia na kushoto. Ndiyo maana jino lilikuwa la kulia lakini uvimbe ukazunguka chini ya kidevu chote. Ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inabanwa. Anayekufa kwa ugonjwa huu mara nyingi huwa amekosa hewa, hata kabla ya sumu kuenea kwenye damu. Wengine usaha huteremka zaidi mpaka kifuani, karibu na moyo.

Ukitazama karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa, huenda utaona jina Ludwig. Ni la daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1836. Zamani hizo, kabla ya antibiotiki, zaidi ya nusu ya waliougua walikufa. Leo, mahali penye daktari wa kufungua njia ya hewa kwa haraka, wanaokufa ni karibu mmoja kati ya kumi au pungufu. Kwa hiyo waliomtoboa koo hawakumkatili. Tundu lile ndilo lililomrudisha nyumbani.

Na usidhani haya ni ya Ahero peke yake. Mwaka 2007, kule Maryland, Marekani, mvulana wa miaka 12 alifariki baada ya vijidudu vya jino bovu kupanda hadi kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Madaktari walimfanyia upasuaji wa kichwa mara mbili, gharama zikapita dola 200,000, na bado akafa. Mama yake alikuwa amehangaika kutafuta daktari wa meno wa kuwapokea watu wasio na uwezo. Nchi tajiri vile.

Tuje kwenye dawa, kwa sababu hapo ndipo nahisi una uchungu zaidi, kama kwamba mlifanya lililo sawa na likawageuka.

Dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Nimesema jino lililokufa halina damu ndani. Kwa hiyo antibiotiki inafika kwenye nyama ya jirani, inatuliza uvimbe, inawaua vijidudu waliotoka nje, na wale walio ndani ya mzizi inawaacha salama. Ni kama kupangusa sakafu huku mfereji umeachwa wazi. Utapangusa, sakafu itakauka, utapumzika, na jioni maji yamerudi. Mzee wako alipangusa mara nne. Mfereji wenyewe hufungwa kwa njia mbili tu: kung'oa jino, au kusafisha mizizi yake ndani na kuiziba. Hakuna tembe ya tatu.

Juu ya hapo, nina hakika karibu kabisa kwamba hakumeza dozi kamili hata mara moja, na simlaumu. Kemisti zetu huuza kulingana na mfuko wa mtu. Ukienda na shilingi mia unapewa dawa za mia: kapsuli sita hivi, na tembe za maumivu. Siku ya pili uvimbe umeshuka, basi za kubaki zinawekwa kwa shida nyingine, au anapewa jirani. Vijidudu vilivyosalia ni vile vigumu, na mara inayofuata dawa ileile inafanya kazi kidogo zaidi. Tembe za maumivu nazo zina ujanja wake. Zinaondoa kile kitu kimoja kilichokuwa kinamsukuma mtu kwenda hospitali.

Hapa lazima niwaseme watu wa fani yangu pia. Kuna usemi umeenea, na hata baadhi ya wahudumu wa afya huurudia: jino haling'olewi likiwa limevimba, nenda umeze dawa uvimbe ushuke kwanza, ndipo urudi. Usemi huu umeumiza watu. Ni kweli kwamba sindano ya ganzi haishiki vizuri kwenye nyama yenye usaha, na ni kweli mtu ambaye taya limejifunga anahitaji hospitali yenye vifaa. Lakini ganzi inaweza kupigwa mbali na uvimbe, kwenye shina la neva, na usaha ukatolewa, na jino likang'olewa siku hiyohiyo mara nyingi. Kumwambia mtu wa boda boda arudi baada ya siku tano ni kumwambia asirudi. Siku ya tano haumwi, na pikipiki ina mwenyewe anayetaka pesa yake jioni.

Mlipoambiwa 1,500, hiyo haikuwa bei. Bei ilikuwa 1,500, na nauli ya kwenda mjini na kurudi, na siku nzima bila abiria, na pesa ya mwenye pikipiki ambayo haijali kama ulienda kwa daktari, na pengine siku ya pili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na dawa ya mia inayopatikana hatua mia kutoka nyumbani, na inayofanya kazi kesho yake. Mtu yeyote mwenye akili, akiwa na watoto watatu, angechagua ya mia. Mlihesabu vizuri. Ubaya ni kwamba ugonjwa huu unawapiga hasa watu wanaohesabu hivyo, na deni likija linakuja lote kwa mpigo.

Ongeza hili. Zahanati ni Level 2. Hapo na kwenye kituo cha afya cha Level 3, huduma ya kawaida hulipiwa na serikali mradi mmejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, mwezi wa Oktoba 2024. Lakini kwa kawaida meza ya meno inaanzia Level 4. Kwa hiyo pale pasipolipiwa ndipo penye koleo. Kulazwa hospitali kubwa kunataka mchango wa SHA uwe umelipwa, na kwa watu wasio na mshahara mchango huo huhesabiwa kwa mwaka mzima. Hata aliyepangiwa kiwango cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, ni 3,600. Kwa mtu anayepata pesa kwa siku, mwaka ni mrefu mno.

Siku zile tatu mlizotafuta pesa ndizo zilizonisikitisha zaidi katika barua yako, kwa sababu hamkupaswa kuzitafuta. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Uvimbe wa shingo unaobana pumzi ni dharura sawa na ajali ya barabarani. Unaenda kwanza, hesabu inafuata. Najua mlangoni mambo huwa tofauti, nimefanya kazi kwenye milango hiyo. Hata hivyo mtu akisimama na kusema "huyu hapumui vizuri, ni dharura", anasikilizwa haraka kuliko anayesema "ana shida ya jino". Neno jino humfanya kila mtu atulie, wakiwemo madaktari.

Basi shika dalili hizi, na uwaambie majirani, hasa huyo wa matumbwitumbwi. Uvimbe uliopita mstari wa taya na kushuka shingoni. Sakafu ya kinywa imekuwa ngumu kama ubao na ulimi umeinuka. Kinywa hakifunguki hata vidole viwili kupita. Mate yanatiririka kwa kuwa hayamezeki. Sauti imebadilika, anaongea kama aliyebugia ugali wa moto. Anataka kukaa ameinama mbele, akilala chali anakosa hewa. Na kwa magego ya juu, uvimbe unaopanda hadi jicho likafumba. Moja tu kati ya hizo, hata usiku wa manane, si mambo ya kukanda wala ya kemisti. Msimlaze chali kwenye gari. Matumbwitumbwi, kwa kawaida, huvimbisha mbele na chini ya sikio, mara nyingi pande zote mbili, na hayana shimo la jino. Joto la mwili pia lisiwapoteze. Eneo letu lina malaria, na nimeona wagonjwa waliotibiwa malaria mara mbili huku taya likiendelea kujaa.

Kuna jambo moja la kuuliza mkienda tena: apimwe sukari ya damu, na kama hajapimwa karibuni, HIV pia. Sisemi kwa kumshuku. Kisukari kisichojulikana na kinga iliyoshuka ni miongoni mwa sababu zinazofanya jipu dogo la mtu mmoja liwe ICU kwa mwingine, na wengi hugunduliwa hivyo, kwa njia ya jino. Kama yuko sawa, mtakuwa mmejua.

Kuhusu gego la kushoto, nitasema lile ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Tukifundishwa, tunafundishwa kuokoa jino. Kutibu mizizi na kulivika kofia ni kazi nzuri, na ningependa kila Mkenya aipate. Lakini ni ya kurudi mara kadhaa, gharama yake ni mara nyingi ya kung'oa, na ikiachwa katikati ni hatari tupu. Kwa mtu mwenye deni la ICU, ambaye hawezi kuahidi siku tatu bila kazi, mimi ningeling'oa. Pengo nyuma halionekani, na atatafuna. (Wazee wa Kijaluo walitolewa meno sita ya chini mbele kwa mila ya nak, wakala maisha yao yote.)

Hamhitaji daktari bingwa kwa hilo. Hospitali ya Level 4 iliyo karibu nanyi ikiwa na kitengo cha meno, afisa wa afya ya kinywa anaweza kuling'oa, na bei ya hospitali ya serikali kwa kawaida huwa chini ya hiyo mliyotajiwa kliniki. Pigeni simu au mtume mtu aulize siku za meno na kama ganzi ipo, maana kusafiri na kuambiwa ganzi imeisha ni hasara mnayoweza kuikwepa. Nendeni mapema asubuhi. Mkionana na afisa huyo mwambieni yote yaliyotokea upande wa kulia, karatasi mkononi. Akiamua apelekwe hospitali kubwa ya rufaa, ile ambayo sisi wa Kisumu bado tunaiita Russia, msione ni usumbufu. Mzee wako ale kabla ya kwenda. Baada ya kung'olewa aume pamba nusu saa bila kuchungulia, asisukutue mpaka kesho yake, asivute sigara. Na tafadhali, asiende kwa wale wang'oaji wa sokoni. Anayeruhusiwa ana leseni ya baraza la madaktari na madaktari wa meno au ya baraza la maafisa wa kliniki, na kwa kawaida imebandikwa ukutani. Koleo lisilochemshwa linahamisha zaidi ya maumivu.

Mtoto sasa. Nyanya yake ana haki kwa nusu: yataanguka, lakini ya mbele huanguka karibu na miaka sita na magego ya utoto hadi kumi au kumi na miwili. Huo ni muda mrefu wa kukaa na usaha chini ya jino la kudumu linaloumbwa. Uso wa mtoto huvimba kwa jino la utoto kama wa mtu mzima, tena kwa kasi zaidi. Meno ya mbele ya juu kuwa meusi umri huo mara nyingi hutokana na chai ya sukari au maziwa ya chupa usiku. Chupa ya usiku ibaki maji matupu. Mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, ateme asisukutue sana. Kuna wanaoogopa floridi kwa sababu wameona meno ya kahawia ya watu wa Nakuru na Bonde la Ufa. Yale ni ya maji ya visima yenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, yaliyonywewa utotoni meno yakiwa bado yanaumbwa. Dawa ya meno haifanyi hivyo ikitemwa.

Na ikiwa siku moja mtoto yeyote aliyetoka kuugua surua, au aliyekonda kwa njaa, ataanza kunuka mdomo vibaya, ufizi ukitoka damu na kuwa na kidonda cha kijivu, usimalize siku nyumbani. Ugonjwa unaoitwa noma huanza hivyo na hula shavu kwa siku chache. Bila matibabu huua hadi watoto tisa kati ya kumi; ukikamatwa mwanzoni, antibiotiki, lishe na usafi wa kinywa vinatosha. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa Desemba 2023. Ni nadra, na kwa kawaida haumpati mtoto wa tajiri.

Kidonda cha kooni: tundu likishaondolewa mpira, kwa kawaida hujifunga lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mwambie akohoe huku umeweka kiganja mbele yake. Ukihisi hewa inatoka hapo, bado halijafunga, na vumbi la barabara ya Ahero linaingia moja kwa moja kwenye mapafu. Asiendeshe, na maji ya kuoga yasimwagike pale. Wakati huo afunike kwa bandeji safi, na aibonyeze kwa vidole viwili akitaka kuongea au kukohoa. Hewa ikiacha kutoka na ngozi ikikauka, anaweza kurudi kazini, shingo ameifunga leso nyepesi, kofia ya pikipiki mkanda wake usikwaruze kovu. Zikipita wiki tatu na hewa bado inatoka, amwone aliyempasua. Na siku hiyo ya kumwona, kama iko kabla ya siku ya jino, iwe ni safari moja.